Usinipigie Simu, Ami

Bologna, 9 Novemba 2008

Ami Bachis mpendwa,

Shikamoo. Msalimie Shangazi Mallena, mwambie mikate yake mikavu imefika. Nusu ilivunjika njiani, nusu nyingine wenzangu wa kazini waliimaliza kabla sijakaa. Mimi mzima. Ukungu umelala barabarani wiki nzima, na kiwandani tunakunja tambi za Krismasi utadhani Krismasi ni keshokutwa. Vidole vinauma, lakini ni maumivu ya kazi, hayo hayana kesi. Huko majike yameanza kuzaa? Na yule beberu wako mkorofi, bado anawafukuza mbwa badala ya mbwa kumfukuza yeye?

Sasa niseme la kusema. Mwezi huu simu yangu imelia sana na sikuipokea. Najua ni wewe, kwa sababu hakuna binadamu mwingine anayeiacha simu ilie mpaka ichoke yenyewe. Usinipigie tena, Ami. Niandikie. Sijakasirika na mtu. Sitaki tu usikie sauti hii, wala sitaki mimi mwenyewe nijisikie nikiongea nayo na wewe.

Unaikumbuka ile misa ya kumwombea Bibi, mwezi wa tano. Nilikuja kwa mara ya kwanza nikiwa mwanamke, na gauni jeusi na mtandio wake begani, na tangu melini nilikuwa nimekufa kwa hofu. Hakuna aliyenigusa. Mama wa duka la mikate alinibusu mashavu yote mawili. Totoni, mwimbaji mwenzako, alinishika mkono akaniambia nimekonda. Nikajisemea, kumbe watu wetu si wabaya, nilikuwa nawasingizia. Kisha padri akaanzisha sala, watu wakaitikia, nami nikaitikia kama nilivyozoea tangu utoto. Kanisa zima likageuka. Besi, Ami, sauti nzito kuliko zote. Besi ile ile uliyonifundisha mwenyewe zizini ilitoka chini ya mtandio wa Bibi ikagonga ukuta wa nyuma. Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje. Tangu pale sikufungua mdomo mpaka nikapanda meli, na wewe ukadhani nimenuna.

Basi nimeapa. Sikanyagi kisiwa chetu wala kijiji chetu cha Lughere mpaka sauti yangu ifanane na mimi. Vidonge vimebadilisha ngozi, vimebadilisha kifua, vimebadilisha hata namna ninavyolia, ila sauti ikishavunjika ujanani, kidonge hakiirudishi. Ni mazoezi na mazoezi. Nimepata mwalimu wa sauti, anaitwa Ornella, na kila Jumanne ananitesa.

La kuimba msahau. Tafuteni besi mwingine wa kusimama nanyi. Najua Agosti mna sikukuu ya Mtakatifu Larentu, najua umeshaanza kupanga, ndiyo maana nasema mapema.

Mwanao,
Antioca


Lughere, 14 Desemba 2008

Mwanangu,

Marahaba. Tupo. Shangazi yako anakusalimu, goti linamsumbua na anasema ni hali ya hewa, mimi nasema ni umbea, maana halimsumbui anapokwenda kwa jirani. Majike yamezaa vizuri. Mbweha alichukua wawili. Beberu yupo na ukorofi wake.

Barua yako nimeipata kwa aibu. Umeandika nyuma ya bahasha "Antioca" na huku nyumbani Antioca ni mmoja, naye tulimzika Aprili. Mtu wa posta akanisubiri nje ya baa mbele ya watu, akapiga kelele: "Bachis, mama yako kakuandikia, huko alikokwenda kuna stempu." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, ningefanyaje. Lakini hilo ni jina la mama yangu. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa. Wewe hukuzaliwa juzi.

Haya, tuyaache. Unasema tutafute besi. Tumempata. Ni Luisu, mkwe wa Predu, kijana wa kijiji cha chini. Mwenyezi Mungu anisamehe, anaunguruma kama trekta lililoishiwa dizeli. Wewe unajua tunavyosimama: wanne, bega kwa bega, mduara uliofungwa mpaka unanusa divai ya mwenzako. Wazee walisema besi tuliipata kwa ng'ombe, ya Totoni tuliipata kwa kondoo, ya Predu ni upepo, na mimi ninayeongoza ni mchungaji anayezungumza nao wote. Sasa nazungumza na trekta. Nikianza shairi, baridi inanijia mgongoni upande wake, kana kwamba mlango umeachwa wazi.

Sauti si kiatu, mwanangu, kwamba hii inanibana nipe nyingine. Ulikuwa na besi ambayo watu walitoka milimani kuja kuisikiliza. Unaiweka wapi? Huyo mwalimu anaitupa wapi?

Mimi nina kikohozi cha moshi wa kukaushia jibini, kimeng'ang'ania tangu Oktoba. Kitaisha mvua ikipungua.

Njoo Agosti. Vaa unachotaka.

Ami yako,
Bachis


Bologna, 1 Februari 2009

Ami,

Shikamoo. Poleni na theluji, tumeiona kwenye televisheni. Mwambie Shangazi apake goti lake mafuta ya moto na aendelee na umbea, asiponyooka goti, habari angalau zitanyooka. Hapa Krismasi ilipita tukiwa tumeinama juu ya meza za tambi. Bibi Loredana, mwenye kiwanda, alitupa kila mmoja nyama ya nguruwe na siku moja ya kulala.

Kuhusu jina. Unasema jina la marehemu hupewa anayezaliwa. Basi ndivyo ilivyokuwa, na kama huamini muulize aliyekuwa leba, yaani mimi.

Kuhusu besi. Ami, umeniuliza sauti inatupwa wapi kana kwamba ni maji machafu. Natamani ingekuwa inatupika. Ngoja nikueleze ninavyoishi, kisha uniambie kama ni kiatu.

Asubuhi nikiamka sauti iko chini kabisa, imelala huko huko kwake. Kabla ya chai napuliza mapovu kwa mrija ndani ya glasi ya maji, kama mtoto mtundu. Halafu nasema "mmm" kama mtu aliyeonja kitu kitamu, mpaka midomo iwashe. Halafu naanza kumeza mate, nasimama katikati ya kumeza, nisikie kikoromeo kimepanda, nijaribu kusema neno kikiwa kimepanda huko huko. Kinashuka. Nakipandisha. Kinashuka. Mwanzo nilidhani kazi yote ni kupaza juu, nikapaza, nikawa kuku. Ornella akaziba masikio. Akaniambia: "Juu na chini siyo shida yako kubwa. Chumba cha koo lako ni ukumbi wa harusi. Nipe jikoni." Haya, jikoni. Nimefanya jikoni miezi mitatu, na kila nikimaliza sauti imekauka, na kidogo niliyoipata imepotea.

Jumanne iliyopita ndipo tukaujua ugonjwa. Ornella alinishika shingo nikiwa nasoma, akauliza: "Unakaba nini hapa?" Nikamwambia sikabi kitu. Akasema nimuimbie nilivyokuwa naimba nyumbani. Nilikataa. Akakaza. Nikaweka kiganja sikioni kama tunavyofanya, nikaitoa besi. Dirisha likatetemeka, na aliyekuwa akisubiri zamu nje akachungulia kuona nani kaingiza pikipiki. Ornella akasema: "Kumbe." Unaelewa, Ami? Kila nikitaka koo lifanye jambo gumu, linakaba pale pale ulipolifundisha wewe likabe. Miezi yote hiyo nilikuwa najenga sauti ya mwanamke juu ya misuli ya ng'ombe. Sasa natakiwa nianze upya, nilifundishe koo kutofanya jambo pekee linalolijua vizuri.

Na siku ikienda vizuri inaharibika kwa kitu cha kijinga. Juzi nilihudumia foleni nzima kwenye duka la kiwanda kwa sauti laini, hakuna aliyeinua jicho, nikaanza kujisikia mtu. Kisha nikapiga chafya. Chafya haikusoma kwa Ornella. Mzee mmoja akasema "Afya njema, bwana," akiwa anahesabu chenji, hata hakunitazama. Loredana akamwambia: "Bwana yuko nyumbani kwako, hapa ni wanawake watupu." Wote wakacheka, na mimi nikaenda chooni nikalia, kwa sauti ipi, nadhani unaijua.

Kwa hiyo usiniandikie kuhusu trekta la Luisu. Mnyweshe divai.

Antioca


Lughere, 29 Machi 2009

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu. Kazi za jibini, na baadaye uvivu wa kalamu. Shangazi yako mzima. Predu amepata mjukuu wa kike. Mbwa mkubwa amekufa, nimemzika karibu na chemchemi.

Misuli ya ng'ombe, umeiita. Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipolala mlangoni kwangu ukilia nikufundishe, mama yako akaniletea kuku ili nikubali. Sikukukaba mimi. Ulikuja kukabwa kwa miguu yako. Lakini sitaki tugombane kwa stempu.

Nina swali, kwa vile una mwalimu. Ni la Totoni. Amekauka sauti, siyo leo wala jana, na haitaki kurudi. Amekunywa asali, amekunywa maziwa ya moto na divai ya kuchemsha, Shangazi yako amemfanyia sala ya kuondoa jicho baya kwa maji na mafuta. Hakuna. Akimeza, upande mmoja unachoma mpaka sikioni. Mwalimu wako hufanyaje na watu kama hao? Ana zoezi? Hayo mapovu ya glasi yanasaidia? Niandikie nimfikishie. Hapendi ijulikane.

Mazoezi ya sikukuu tumeyaacha kwanza, mpaka Totoni apone.

Bachis


Bologna, 19 Aprili 2009

Ami,

Shikamoo na Pasaka njema iliyopita. Pole na mbwa. Najua ulikuwa ukizungumza naye kuliko unavyozungumza na watu. Hongera kwa Predu. Mimi nimekula mwanakondoo wa dukani, hana ladha ya kitu chochote, nikawakumbuka wote.

Nimemuuliza Ornella. Aliacha kalamu mezani akaniangalia. Anasema sauti ikikauka ikapitisha wiki tatu, hakuna mapovu wala asali, ni daktari wa koo, na haraka. Na kama kumeza kunachoma mpaka sikioni, basi ni leo, siyo kesho. Mwambie Totoni aache ubishi wake. Mwambie nimesema mimi, na kama anaona aibu aende hospitali ya mjini asikojulikana. Hapo sifanyi mzaha.

Sasa habari zangu, ingawa hujaniuliza. Hilo nalo limeniuma, Ami. Barua yako ina Totoni, ina mbwa, ina Predu, mimi nimo mstari mmoja na kuku wa mama. Nilikuandikia kwamba nililia chooni, ukanijibu kwamba nilikuja kukabwa kwa miguu yangu.

Mazoezi yanakwenda kama punda: siku anatembea, siku kasimama katikati ya njia hata ukimpiga. Wiki iliyopita nilimnunulia Loredana dawa, muuza dawa akaniita bibi, akaendelea kuniita bibi mpaka mwisho, nikasahau hata dawa yenyewe kaunta. Nikatoka nikitamani nimpigie mtu simu. Nani? Halafu sokoni siku ile ile mwanamume akaniruka foleni, nikakasirika, na hasira ikaingia moja kwa moja kwenye ukumbi wa harusi. Alirudi nyuma huku amenyoosha mikono: "Samahani, kaka." Ornella anasema hasira ndiyo hujifunza mwisho. Mimi nina hasira nyingi, sasa utaona tuna kazi ya miaka mingapi.

Sitakuwa tayari Agosti. Labda Krismasi. Usiniulize tena.

Antioca


Lughere, 5 Julai 2009

Mwanangu Antioca,

Natumai joto halijakuumiza huko bara. Hapa nyasi zimekuwa njano mapema na nimewauza baadhi ya kondoo kwa Predu, nimepunguza tu. Shangazi yako anafuma kitu, haniambii ni cha nani.

Kwenye bahasha nimeandika jina lako kama ulivyolitaka. Mtu wa posta akaanza maswali, nikamwandikia kwenye karatasi kwamba kazi yake ni kuuza stempu.

Nimefikiri nilivyokuandikia Machi. Sikukuuliza habari zako kwa sababu sijui namna ya kuuliza. Mtu akiniambia kondoo haoni, najua niulize nini. Wewe unaniambia kikoromeo, chumba, jikoni. Nilisoma barua ile ya Februari mara nyingi. Nimejaribu hata hilo la kumeza na kusimama katikati. Ni gumu. Nilidhani ni mchezo.

Sasa nisikilize. Njoo Agosti kwa sikukuu. Huna haja ya kuimba. Hatutaimba sisi pia, si lazima kila mwaka. Njoo ukae mezani kwetu, ule, uongee tu na mimi na Shangazi yako. Sauti yoyote uliyo nayo siku hiyo. Sina kawaida ya kuomba, na hili sitaliomba tena.

Totoni alikwenda kwa daktari kama ulivyosema. Anakushukuru.

Ami yako


Bologna, 20 Julai 2009

Ami,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha kwa nusu yake ya kwanza na imeniudhi kwa nusu yake ya pili, hivyo nakujibu leo leo kabla sijapoa.

Asante kwa jina. Asante kwa kujaribu. Nilicheka peke yangu nikikuona zizini umesimama katikati ya kumeza na kondoo wanakutazama.

Lakini "uongee tu", Ami? Tu? Ungemwambia mtu aliyevunjika mguu acheze tu? Ni Agosti, ni sikukuu, mlango wenu uko wazi tangu asubuhi, nusu ya kijiji inapita kunywa divai. Nitaongea na wewe, Totoni ataingia. Nitamjibu Totoni, mama wa duka la mikate ataingia. Nitachoka, maana mimi huchoka jioni, na ikishuka itashuka mbele ya wote, na safari hii hakutakuwa na padri wa kuwatoa watoto nje. Nimetumia mwaka mzima kujenga kitu chembamba kama ganda la yai, unataka nikibebe kwenye kundi la walevi.

Na mnafanya nini ninyi hamuimbi Mtakatifu Larentu? Tangu nizaliwe hamjawahi kuacha. Kama mmeacha ili kunionyesha kwamba bila mimi hakuna kitu, huo ni ujanja wa kitoto, na umekuwa mzee sana kwa ujanja huo. Mnaye Luisu. Imbeni.

Nimesema Krismasi. Krismasi nitakuja na sauti kamili, nitaingia kwa mlango wa mbele na nitazungumza mpaka unikimbie. Miezi mitano ni nini? Ngoja tu kidogo. Umesubiri mvua maisha yako yote, subiri na mimi.

Antioca


Bologna, 13 Septemba 2009

Ami wangu,

Mbona kimya? Agosti imepita sina hata mstari. Najua umenuna, na una haki ya nusu yake. Nilikuandikia kwa ukali. Ni kweli na sitaki kuzunguka.

Nina habari. Loredana alinikalisha kwenye simu ya oda wiki nzima, kwa sababu msichana wa simu amejifungua. Nilikataa, akasema basi tufunge kiwanda. Ami, wiki nzima nimepokea simu za watu wasioniona, wenye sauti yangu peke yake ya kunipima, na hakuna hata mmoja aliyeniita bwana. Mmoja alikuwa mkali, alilalamika kwamba tambi zake zimefika zimeshikana. Nikamjibu kwa ukali pia, na ukali ukakaa jikoni, haukushuka. Akasema: "Sawa mama, sawa, usinigombeze." Nilikata simu nikakaa chini kwenye magunia ya unga. Ornella nilipomwambia alinipigia makofi.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikudhani nitalifanya. Nilikupigia. Jumapili, baada ya misa, nikijua uko nyumbani. Shangazi akapokea, nikasema "Shangazi, ni mimi," akasema, "Haki ya Mungu, nilidhani ni mama." Nikamwomba akupe simu. Akasema umelala. Nikapiga Jumatano, akasema uko kwa kondoo. Nikapiga Ijumaa, akasema umelala tena. Tangu lini wewe unalala mchana? Alikuwa analia au ni mafua? Nilimuuliza, akasema ni kitunguu.

Umenikatalia simu mimi, baada ya kunipigia mwezi mzima? Haya, nimekusikia. Nipe adhabu yako iishe. Ila ukiisikia sauti hii utaipenda, nakuapia. Ina kitu cha Bibi ndani yake.

Mwanao,
Antioca


Sassari, hospitali, 4 Oktoba 2009

Antioca, mwanangu,

Usimlaumu Shangazi yako. Nilimwapisha mimi.

Totoni mzima kama jiwe. Hajawahi kukauka sauti maisha yake. Aliyekauka ni mimi. Nilikwenda kwa daktari Mei, ulipotutisha, na hata hivyo nilikuwa nimechelewa, maana nilikuwa nimeukumbatia moshi wa jibini kama sababu. Daktari alitaka anikate Julai. Nilimwambia ningoje sikukuu ipite. Akanigombeza. Nikamwambia kuna mtu nataka kuzungumza naye kwanza.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja kwa kuniogopea. Nilitaka uje kwa kuwa umetaka. Huo ndio ujanja wa kitoto. Ulisema kweli, mimi ni mzee sana kwa ujanja huo.

Agosti tulikaa mezani watatu: mimi, Shangazi yako na divai. Sauti yangu ilikuwa imebaki kama mlango usio na mafuta, lakini ilikuwa ikisema maneno. Nilikuwa nimeyapanga maneno yenyewe. Sasa hayana faida, yalikuwa ya kusemwa.

Walinikata baada ya Larentu. Wameondoa kikoromeo chote, na nyuzi zote za sauti. Napumua kwa tundu shingoni. Siku ya kwanza nilitaka kumtukana muuguzi kwa ajili ya supu yake, nikafungua mdomo, upepo ukatoka chini ya kidevu. Nililia nikijitazama kwenye kioo, maana kulia kwenyewe hakuna mlio.

Kuna binti anakuja kila asubuhi, mdogo kuliko wewe. Anataka nimeze hewa, niirudishe kama mtu anayecheua, na nitengeneze neno kwa mcheuo. Tangu wiki iliyopita tunasema "pa". Nikisema "pa" anapiga makofi. Nikishindwa anasema "tena". Namchukia. Jana nilimtupia mto. Akauokota, akasema "tena". Usiku ule nikakumbuka barua yako ya Februari, nikaona haya, maana nilikuwa nimekuambia sauti si kiatu. Watu wanaonitembelea wananiambia nisubiri tu kidogo, itakuja. Nami nataka kuwatupia mto wote.

Mwalimu huyu anasema kwa bidii nitakuja kusema sentensi. Kuimba, hapana. Totoni na Predu wameniambia watasimama na Luisu, watafute wa kuongoza. Nimewapa ruhusa. Limeniuma, na sitaki tulizungumzie.

Shangazi yako aliniandikia kwamba umepiga na kwamba alidhani ni mama amefufuka. Nilisoma karatasi hiyo nikaikunja, nikaifungua tena. Hakuna maana ya mimi kupokea simu, sitaweza hata kusema halo, utasikia mtu anapumua tu. Na sitaki kuisikia kwa waya.

Nimekukasirikia, Antioca. Naandika wazi kwa sababu ndilo limebaki. Nimekaa kitandani hapa nikihesabu haki yangu na yako, na kila nikihesabu naona wote wawili tulikuwa wajinga, lakini wewe ulikuwa mjinga mwenye sauti. Mimi sina hata moja. Wewe unazo mbili, na zote mbili umeninyima.

Usingoje Krismasi. Panda meli. Njoo na yoyote itakayokubali kuja siku hiyo, na ikishuka jioni, ishuke. Masikio yangu hawakuyagusa.

Ami yako,
Bachis